Msamaha Uliopangiwa Tarehe

Kanisani kwetu Igoma msamaha ulikuwa na tarehe. Kila robo mwaka, katibu wa kanisa alimaliza kusoma matangazo ya misiba, ya kwaya na ya michango ya mabati, kisha akasema kwamba Sabato fulani itakuwa ya Meza ya Bwana, washiriki wajiandae. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kabla ya mkate na kikombe kungekuwa na kutawadhana miguu, na kabla ya kutawadhana miguu, mwenye neno na mwenzake alitakiwa awe amelimaliza.

Nimekulia ndani ya desturi hiyo, nikaingia nayo utu uzima, na leo nasema bila kusita kwamba imenifundisha kusamehe kuliko mahubiri yote niliyoyasikia. Watu wengi husamehe kwa kungoja. Husema moyo bado mzito, acha hasira ipoe, wakati utaponya. Nimeuona wakati ukipita hapa Igoma bila kuponya chochote: majirani wamezeeka huku wamejengeana ukuta, ndugu wamezikana bila kusemezana. Kanisa letu halikuungoja moyo. Liliweka tarehe, likaweka beseni na taulo, likawaambia watu wapige magoti, moyo utakuja nyuma.

Msomaji asiye Msabato huenda hajaiona ibada hiyo. Injili ya Yohana, katika sura ya 13, inaeleza jinsi Yesu, usiku ule wa mwisho, alivyoinuka mezani, akaweka vazi lake pembeni, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji chomboni na kuanza kuwaosha wanafunzi wake miguu. Ilikuwa kazi ya mtumwa. Petro alikataa katakata, hadi alipoambiwa kwamba asipooshwa hatakuwa na fungu pamoja na Bwana wake. Wahubiri wengi hukaa na Petro huyo muda mrefu, wakampita haraka mwingine aliyekuwapo. Yuda naye alioshwa. Miguu iliyokuwa imeshafunga safari ya usaliti ilishikwa, ikaoshwa, ikafutwa kwa kitambaa kilekile kilichowafuta wenzake.

Wakatoliki huiona desturi hii siku ya Alhamisi Kuu, padri anapoosha miguu ya waamini kumi na wawili. Sisi Waadventista wa Sabato tunaifanya washiriki wote, robo kwa robo, wanaume na wanaume wenzao, wanawake na wanawake wenzao, na hakuna aliyeteuliwa kuwa mwoshaji: uliyemwosha anainuka, unakaa wewe, anakuosha. Imani hii iliingia nchini kupitia Upare mwaka 1903, wamisionari kutoka Ujerumani walipofungua kituo Giti, na mwaka 1909 ikafika Majita, kwenye ufuko wa ziwa. Huko ndiko bibi yangu mzaa mama alikobatizwa na kuolewa. Watoto wake walitawanyika kulizunguka ziwa, na mama akaishia Igoma kwa mume wa Kisukuma.

Igoma ya utoto wangu ilikuwa bado nusu kijiji. Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma unaiacha Buzuruga, unaiacha Nyakato, ndipo unafika kwetu, kabla ya Kisesa. Mawe makubwa yalikuwa kila upande na nyumba zilijengwa kwa kuyapisha. Kanisa lilikuwa la tofali, bila lipu, limeegemea jabali moja ambalo watoto tulilipanda wakati wa mapumziko hadi tukaitwa. Bomba lilikuwa na siku zake za kutoa maji na siku zake za kukauka, kwa hiyo siku ya Ijumaa kabla ya Meza ya Bwana ndoo na madumu yalipangwa mapema nyuma ya kanisa. Kazi yetu wasichana Sabato hiyo ilikuwa maji. Ndoo ziliwekwa juani tangu asubuhi yapungue ubaridi, na ibada ilipofika sehemu yake tulibeba majagi, akina mama wakiwa kwenye darasa la chekechea ambalo madirisha yake yalizibwa kwa khanga, akina baba wakiwa nje chini ya mwembe. Kwa sababu tulikuwa wadogo, tulipita pande zote mbili. Hivyo nilipata kuona mambo ambayo washiriki wengi hawakuyaona.

La kwanza lilikuwa la magoti. Usukumani goti lina ngazi zake. Mtoto humpigia mzazi, binti humpigia mkubwa, mke humpigia mume na wakwe. Unapita njiani, unakutana na mama wa makamo, unashuka: mwangaluka, mayu. Sijawahi kuidharau heshima hiyo, na watoto wangu nimewafundisha. Lakini goti hilo hupanda juu siku zote, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na anayepigiwa amezoea kupigiwa hadi haoni tena. Chini ya ule mwembe nilimwona mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyewachapa viboko wanaume nusu ya kata, akishuka kwa taabu, mkono mmoja umeshika benchi, mbele ya kijana aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Kijana alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi kama mtu anayetaka kukimbia. Mwalimu aliushika mguu wake wa kulia, wenye kovu la mnyororo wa baiskeli juu ya kifundo, akaumwagia maji taratibu, akapitisha kidole katikati ya kila kidole, akaufuta. Halafu wa kushoto. Hakusema kitu mpaka alipomaliza. Kisha akasema, "Sasa zamu yako, mwanangu, nami nina tope."

Sijui walikuwa na neno gani kati yao, na pengine hawakuwa na neno lolote. Nilichokiona mimi mtoto ni kwamba mkubwa anaweza kushuka, na akishuka dunia haianguki. Kijana yule aliendelea kumwamkia mwalimu shikamoo kila asubuhi. Heshima haikupungua hata chembe.

La pili lilikuwa la mama yangu, na hili nalijua tangu mwanzo hadi mwisho wake.

Mama alinunua dagaa Mwaloni, Kirumba, akauza sokoni Igoma. Mwenzake mmoja, shemasi kama yeye na mwimbaji wa kwaya moja naye, alichukua kwake magunia ya dagaa kwa mali kauli, ayapeleke kwenye minada ya Shinyanga, fedha arudishe baada ya mauzo. Fedha haikurudi. Yule mama alieleza kwamba mzigo ulinyeshewa njiani, ukaoza, akaumwaga. Mama akasikia kwa watu wa magari kwamba dagaa walifika wakavu na kuuzwa siku hiyohiyo. Anayeujua mtaji wa mama wa sokoni atajua kilichofuata nyumbani kwetu. Ada zilichelewa. Mboga ikawa ileile. Mama aliacha kwenda Mwaloni alfajiri, akawa anachukua visado kwa wenzake na kuuza kwa faida ya kubahatisha.

Salamu hawakunyimana, maana kwetu mtu hanyimwi salamu. Ila zilikuwa salamu za kukata, mguu mmoja ukiwa umeshapita. Kanisani kila mmoja alitafuta upande wake. Na kila ilipofika Sabato ya Meza ya Bwana, mama aliamka na homa.

Hakuwa peke yake. Baadaye, nilipokuwa karani wa Shule ya Sabato na kushika daftari la mahudhurio, niligundua kwamba Sabato ya Meza ya Bwana huwa na nafasi wazi kuliko Sabato yoyote ya robo hiyo. Wenye homa, wenye wageni wa ghafla, wenye safari ya Magu. Ugomvi wote wa kanisa, uliojulikana na uliofichwa, ulikuwa umeandikwa pale kwa alama za kutokuwapo. Mwalimu mstaafu alijua kulisoma daftari hilo. Baada ya mama kuugua robo mbili mfululizo, akaja nyumbani jioni, akaketi kwenye kigoda, akanywa maji aliyopewa, akauliza habari za homa.

Mama akamweleza habari za dagaa.

Nakumbuka jibu lake kwa sababu lilimshangaza mama. "Deni lako ni halali," alisema. "Lidai. Mimi sikuja kulifuta, wala sina uwezo huo. Nimekuja kukuuliza kama robo ijayo utakuja."

Mama alikwenda. Nilikuwa nimeshika jagi kwenye darasa la chekechea akina mama walipoanza kutafutana wawili wawili. Hiyo ndiyo dakika ngumu ya ibada nzima, kila mtu akizungusha macho. Yule mama mwenzake alichukua beseni la bluu, akalijaza, akalibeba kwa mikono miwili kupita katikati ya chumba, akaliweka mbele ya mama, akapiga magoti. Mama hakuvua viatu. Alikaa vile, miguu imekanyaga sakafu, macho yake kwenye khanga za dirishani. Wenzao wakaanza kuimba kwa sauti ndogo, nadhani ili kuwapa faragha. Sijui ulipita muda gani. Kisha mama akavua kiatu kimoja.

Miguu ya mama ilikuwa na magaga, yale ya mtu aliyesimama sokoni miaka mingi kwa kandambili. Yule mama aliviosha visigino kwa kiganja, polepole, pale palipopasuka zaidi akapapita kwa kidole gumba. Alipofika mguu wa pili ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Dada, dagaa hawakunyeshewa. Fedha niliziweka kwenye nyumba." Mama akasema, "Najua." Basi. Akamfuta, wakabadilishana, nikamwaga maji machafu na kuleta mengine, na mama akashuka chini na kumwosha. Walipoomba pamoja, kama ilivyo desturi, niliwaacha nikaenda kwa wengine.

Nimelifikiri tukio hilo kwa miaka mingi. Ukweli wa dagaa ulikuwa umeshindwa kutoka sokoni, umeshindwa kutoka mbele ya wazee waliowasuluhisha, ukatoka pale chini. Nadhani ni kwa sababu mtu aliyepiga magoti na kushika kisigino cha mwenzake hana tena cha kulinda. Kiburi kinahitaji kusimama. Na mama naye, aliyedhulumiwa, alikuwa na kazi yake ya unyenyekevu, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya mwenzake: kukubali kuoshwa na mtu ambaye alitaka kubaki anamdai daima. Anayedai huwa na kiti cha juu. Ukiruhusu mdeni wako akuoshe, unakishuka kiti hicho. Petro alikataa kuoshwa kwa sababu ya heshima, angalau ndivyo ninavyomsoma. Mama alichelewa kuvua viatu kwa sababu ya haki yake. Wote wawili walitakiwa waache kitu ambacho kilionekana chema.

Miguu ilioshwa, deni likabaki. Wiki hiyohiyo mama alifungua daftari lake, akaandika jina la mwenzake na kiasi, safari hii wakiwa wameketi pamoja, na yule mama akaanza kulipa: fedha kidogo mwezi huu, mchele mwezi ule, siku nyingine debe la mahindi. Mama aliandika kila kitu. Wapo waliomsema, kwamba amesamehe vipi wakati bado anaandika. Alijibu kwamba amemsamehe mtu, na fedha ni ya watoto. Naliona hilo kuwa fundisho kubwa alilotuachia. Biashara ya ziwani inaishi kwa mali kauli, kwa neno la mtu. Kama kutawadhana kungekuwa njia ya kufuta madeni, hakuna mfanyabiashara ambaye angethubutu kumkopesha Mkristo mwenzake. Msamaha ulimwezesha yule mama kulipa, kwa sababu sasa angeweza kuingia uani kwetu na kuhesabu fedha mezani bila kuona aibu. Deni lilipokaribia kwisha, mtoto wake akachaguliwa kwenda sekondari. Mama akapiga mstari kwenye daftari, mwenyewe, bila kuombwa.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona pia msamaha ukitumiwa vibaya kanisani, na inaniumiza. Nimeona mwanamke mwenye jicho lililovimba akiambiwa asamehe saba mara sabini, arudi kwa mume wake kabla ya Sabato. Nimeona fedha za mradi zikiliwa, kisha aliyezila akasimama mbele, akalia, akakumbatiwa, na aliyeuliza hesabu akaonekana ana roho ngumu. Huo ni msamaha uliokosa beseni. Usiku ule Yesu aliwaosha wote, Yuda akiwemo, lakini pale pale mezani alisema wazi kwamba mmoja wao atamsaliti. Hakuificha kweli ili jioni iwe nzuri. Kusafishwa ni kuondoa uchafu, na uchafu hauondoki kwa kuufunika kitambaa. Kijana anayepiga mke aende polisi, na mweka hazina alete vitabu. Kisha tuoshane miguu.

Kuna msamaha mwingine ambao Igoma inaujua kuliko mitaa mingine ya Mwanza, nao ni ule ambao hakuna mtu wa kuuomba.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imeikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Uwezo wake ulitajwa kuwa abiria 430. Waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 800, na hadi leo wapo wanaotaja karibu 1,000, kwa kuwa orodha kamili ya waliopanda haikuwapo. Meli ilielea kwa muda tumbo likiwa juu, watu wakisikika wakigonga kutoka ndani. Wenye nia njema wakatoboa chuma ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama nao. Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu. Na wengi wa waliopatikana, wakiwamo wasiotambuliwa na ndugu, walizikwa kwetu Igoma. Kila tarehe 21 Mei watu hukusanyika kwenye makaburi hayo.

Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kukumbuka malori yakipita, na watu wazima waliofunika pua kwa khanga huku wakilia. Kwa majuma mengi hatukula samaki nyumbani kwetu. Mama alikataa kuwapika.

Kanisani kwetu alikuwapo mama aliyempoteza kaka yake kwenye meli hiyo. Mwili haukutambuliwa. Alikuwa mpole, ila baada ya msiba akawa na hasira isiyo na pa kwenda. Kesi ilifunguliwa, watu walishtakiwa, lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye angefika mlangoni kwake na kusema nisamehe. Nani amwombe radhi? Aliyekata tiketi kupita kiasi? Aliyetoboa chuma akidhani anaokoa? Upepo? Mle kanisani alikuwapo pia mama mwingine ambaye mumewe alikuwa baharia kwenye vyombo vingine kabisa, mtu asiyehusika hata kidogo. Lakini hasira hutafuta sura, na yule mfiwa aliacha kuketi benchi moja naye, akaacha kumpa mkono. Kila mtu alijua kwa nini, na kila mtu aliona si haki, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Meza ya Bwana iliyofuata ilikuwa mwishoni mwa Juni. Yule mke wa baharia hakumsogelea, alijua mipaka yake. Mfiwa ndiye aliyemfuata. Nilimmiminia maji mimi. Alimwosha kwa nguvu, kama anayefua, maji yakarukia sakafuni, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Mwenzake alimwachia miguu yake, hakusema pole wala hakusema mimi sikuhusika. Alikaa tu akioshwa. Alipomaliza walikumbatiana wakiwa wamekaa sakafuni kwenye maji.

Hapo hapakuwa na mkosaji wala ungamo. Mama yule hakuwa na wa kumsamehe mbele yake, na bado alihitaji kusafishwa, kwa sababu uchungu usio na mlango unageuka sumu kwa asiyehusika. Sidai kwamba aliacha kuomboleza. Aliendelea kwenda makaburini kila Mei. Ila alianza kumpa mwenzake mkono, na naamini isingekuwapo tarehe ile, wangefika uzeeni wakiwa wamekaa mabenchi mawili.

Ninapotaka kujikumbusha kwamba jambo hili si la vijijini kwetu tu, humfikiria Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, ambaye kabla ya uaskofu alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake Watanzania wa kizazi cha baba yangu walikijua. Alikuwa mtoto wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliochipuka Gahini nchini Rwanda na kati ya waamini wa Buganda mwishoni mwa miaka ya 1920, ukavuka hadi Bukoba na kumlea Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri na kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977. Watu wa uamsho huo walikuwa na tabia iliyowakera wengi: mtu akiokoka, alirudisha alichoiba na kwenda kwa aliyemkosea kumwambia kwa mdomo. Kivengere alisimulia jinsi alivyolazimika, baada ya kuokoka, kupanda baiskeli na kusafiri maili zipatazo 50 kwenda kumwomba radhi Mwingereza mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Mwafrika, enzi za ukoloni, anamfuata mtawala wake kumwomba radhi kwa kumchukia! Wapo watakaosema huo ni udhaifu. Mimi naona kwamba siku ile aliacha kutawaliwa, maana yule Mwingereza alikuwa akikaa moyoni mwake bila kodi.

Baiskeli ile ilimwandaa kwa mzigo mkubwa zaidi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakatoroka kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu wa Mwanza wanaelewa uzito wa kusema hivyo. Vita vya Kagera vilitufikia. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ililenga mji wetu, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane. Kivengere hakusema kwamba Amin ana haki, wala hakuacha kuusema uovu wake hadharani. Alisema chuki ilikuwa inamla yeye mwenyewe, akaiweka chini mbele ya msalaba wakati wa Ijumaa Kuu, akiwa uhamishoni London. Naona hata hapo palikuwa na tarehe: kalenda ya kanisa ilifika kabla moyo wake haujawa tayari.

Na Aprili 2019 dunia nzima ilimwona Papa Francis, mzee wa miaka 82 mwenye maumivu ya mguu, akiinama hadi sakafuni Vatikani na kubusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini waliokuwa wamepigana wao kwa wao. Amani ya nchi ile bado ni dhaifu, na magoti ya Papa hayakuikamilisha. Nilipoiona picha ile nilimkumbuka mwalimu mstaafu wetu, mkono umeshika benchi.

Mwalimu yule sasa amelala. Kanisa letu lina lipu, vigae na spika kubwa, na Igoma imejaa maduka hadi Kishiri. Meza ya Bwana ipo kila robo, lakini naona watu wakija na wenzi wao wameshapangana tangu nyumbani, rafiki na rafiki, kila mmoja akiwa ametoka kusugua miguu kwa sabuni ya manukato. Tunaoshana miguu ambayo tayari ni safi. Sijalinyamazia. Nimesema kwenye baraza la kanisa kwamba turudishe wiki ya maandalio, wazee walishike daftari la wasiokuja na kuwatembelea majumbani. Wengine wanaona ni kuingilia mambo ya watu. Nitalisema tena.

Na sina ruhusa ya kulisema kama mimi mwenyewe sijiandai. Meza ya Bwana kwetu ni Sabato ijayo. Nina kaka, mtoto wa baba mkubwa, ambaye hatujasemezana tangu msiba wa baba, pale alipotuambia mimi na dada zangu mbele ya waombolezaji kwamba wanawake hawana kiwanja katika ukoo huu. Kikao cha ukoo kilishaamua, bikoni zimewekwa, na sehemu yetu haitapungua hata hatua moja. Radhi hajaiomba. Juzi nilimpigia simu, nikamwambia nitapita kwake Ijumaa saa kumi. Alinyamaza, kisha akauliza kama ninakuja kwa habari za kiwanja. Nikamwambia hapana, kiwanja kilikwisha. Akasema basi njoo, ila mkewe amesafiri na sukari nyumbani hakuna. Nikamwambia sukari nitakuja nayo.